Wapita Njia kwa Karne Nzima: Sera ya Serikali na Makao ya Kibera na Kawangware

Majina ya vijiji vya Kibera yana habari ambazo hazimo katika waraka wowote wa sera. Laini Saba ni kumbukumbu ya uwanja wa shabaha ambako askari walijifunza kulenga. Kambi Muru imebaki na neno kambi ingawa askari wenyewe walikwisha kuzikwa zamani. Lindi ina jina la mji wa kusini mwa Tanzania, Kisumu Ndogo inataja walikotoka waliofika baadaye, na Soweto imeazima jina la kitongoji cha Afrika Kusini. Kibera yenyewe ni neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu au kichaka, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 eneo bunge la huko limeandikwa Kibra, kwa kulirudia tamko la Wanubi. Kawangware nayo, iliyoko magharibi mwa jiji la Nairobi, jina lake huhusishwa na neno la Kikikuyu ngware, ndege ambaye kwa Kiswahili huitwa kwale. Majina ya namna hii hutolewa na watu waliokaa, wakazaa na kuzika.

Lugha ya serikali imesema vingine. Tangu enzi ya ukoloni, maneno yaliyotumiwa katika sheria, katika barua za machifu na katika ilani za ubomoaji yamewataja wakaaji wa sehemu hizi kama watu wa muda: mpangaji asiye na mkataba, mzururaji, mvamizi, mwenye kibanda, mwathiriwa wa mradi. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi wazo hilo la umuda lilivyoingia katika sera, jinsi linavyotenda kazi kwa namna mbili tofauti Kibera na Kawangware, na ni nani hasa anayeumia pale tingatinga linapofika.

Askari waliopewa msitu

Wanubi waliletwa Kenya kama askari. Wengi wao walikuwa na asili ya Sudani na walitumikia Jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ambalo Waswahili walilizoea kwa jina la Keya. Kuanzia mwaka 1904 hivi walianza kukaa katika msitu wa Kibera, na mwaka 1918 eneo la takriban ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Hawakupewa hati. Walipewa ruhusa ya kujenga, kulima na kufuga, ruhusa iliyotegemea utumishi wao na ridhaa ya wakubwa wao. Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi usimamizi wa Kibera kwa utawala wa kiraia, na utawala huo ukajikuta na watu ambao haukujua uwaweke katika fungu gani: hawakuwa na hifadhi ya kabila kama walivyokuwa nayo Wakikuyu au Wakamba, wala hawakuwa Wazungu wenye haki ya kumiliki ardhi mjini. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ripoti yake ilichapishwa mwaka 1934, iliwachukulia kuwa wapangaji wa Taji la Uingereza wanaokaa kwa ridhaa tu. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba mwenye ardhi angeweza kuwaondoa wakati wowote apendao.

Hukumu hiyo haikuwa ya Wanubi pekee, bali ilikuwa sehemu ya fikra pana zaidi kuhusu Mwafrika na mji. Nairobi ilihesabiwa kuwa mji wa wengine, na Mwafrika aliruhusiwa kuwamo kwa muda wa kazi yake. Kipande alichovaa mwanamume shingoni kilionyesha ameajiriwa na nani na ameachishwa lini. Asiyekuwa na kazi aliweza kukamatwa kwa uzururaji na kurudishwa kwao. Neno kwao linastahili kuangaliwa. Sheria ilidhani kwamba kila Mwafrika ana kwao kwingine, mashambani, na kwamba mjini yuko safarini. Kwa mtoto wa Kinubi aliyezaliwa Makina dhana hiyo haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hakukuwa na kijiji cha kumrudisha. Sheria ya uzururaji ilibaki katika vitabu vya Jamhuri hadi mwaka 1997 ilipofutwa, yaani miaka 34 baada ya uhuru.

Ruhusa ya chifu

Uhuru ulileta watu wengi Nairobi kwa haraka, na nyumba hazikutosha. Katika Kibera, ambako ardhi ilikuwa imehesabiwa kuwa ya serikali, mlango wa kuingilia ulikuwa ofisi ya chifu. Aliyetaka kujenga chumba cha udongo na mabati alihitaji ruhusa ya utawala wa mkoa, mara nyingi kwa mdomo au kwa kipande cha karatasi, na ruhusa hiyo haikuwa hati ya kiwanja. Kwa njia hii wakazuka wenye nyumba wasiokuwa wenye ardhi. Wakati huohuo, sehemu nyingine za ekari zile 4,197 zilimegwa na kujengwa mitaa ya watu wa kipato cha kati: Ayany, Olympic, Fort Jesus, Salama, Karanja. Anayetembea leo kutoka Olympic kushuka Gatwekera huvuka, kwa hatua chache, kutoka ardhi iliyopimwa hadi ardhi isiyopimwa, ingawa zote mbili zilikuwa msitu mmoja.

Mwaka 2017, tarehe 2 Juni, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hati ya ekari 288. Hiyo ni chini ya asilimia 7 ya eneo lililotangazwa mwaka 1918. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki za Mtoto ilikuwa imeamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia na usajili, na mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatoa uamuzi unaolandana na huo kwa jamii nzima, ukigusa pia ardhi ya Kibera. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa watu walioletwa na serikali kutambuliwa na serikali kuwa wenyeji. Mithali husema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kibera jembe lilicheleweshwa kwa vizazi vinne, na lilipotolewa lilikuwa dogo kuliko shamba.

Hata hivyo, hati hiyo ilizua swali gumu ambalo si haki kulipita kimyamimya. Wakaaji wengi wa Kibera si Wanubi. Ni Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengine, na wengi wao ni wapangaji. Kwao, hati ya Wanubi haikubadilisha neno mpangaji.

Kawangware: hati ipo, nafasi haipo

Msomaji anayezifahamu sehemu zote mbili kwa macho tu anaweza kudhani kwamba Kibera na Kawangware ni tatizo moja: mabati yaleyale, mitaro ileile, wachuuzi walewale wa sukumawiki jioni. Kisheria ni sehemu mbili tofauti kabisa.

Kawangware iko Dagoretti, katika nchi iliyokuwa hifadhi ya Wakikuyu nje ya mpaka wa mji. Ardhi ya huko iligawiwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe katika zoezi la kuunganisha mashamba la miaka ya 1950, kisha mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ukasogezwa na kuimeza. Mwenye shamba dogo akajikuta ndani ya jiji, na akagundua kwamba safu ya vyumba vya mbao na mabati hulipa kuliko mahindi. Ndivyo zilivyozaliwa ploti: vyumba vinavyotazamana, ua mmoja, bomba moja, choo cha pamoja, na kuli au keteka anayekusanya kodi mwisho wa mwezi. Mwenye ploti ana hati. Serikali haiwezi kumwita mvamizi. Kinachokosekana ni idhini ya ujenzi na nafasi ya umma, kwa kuwa shamba lilipogawanywa hakuna aliyetenga barabara, shule wala uwanja.

Matokeo yake ni kwamba sera katika Kawangware imekuwa sera ya kujitenga. Ardhi ni ya watu binafsi, kwa hiyo serikali husita kutumia fedha za umma humo. Mpangaji naye huachiwa aelewane na mwenye nyumba. Sheria ya udhibiti wa kodi ipo, ila inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho vyumba vingi vimekwisha kukipita. Mpangaji wa Kawangware anayefungiwa mlango kwa kufuli la pili kwa sababu ya deni la mwezi mmoja hahesabiwi katika takwimu za wahamishwaji. Hakuna tingatinga, kwa hiyo hakuna habari.

Ardhi pekee ya umma iliyo wazi Kawangware ni pembezoni mwa barabara. Hapo ndipo sera ya wapita njia inapoonekana kwa uwazi zaidi. Kando ya Barabara ya Naivasha na kuzunguka soko kuna vibanda vya kushonea viatu, vya kuchomea mahindi, vya kuuzia mitumba, vya kutengenezea simu na pikipiki, na katika baadhi yake mwenye biashara hulala humohumo. Siku moja alama ya X huonekana imepakwa rangi kwenye ubao. Kibanda ni kidogo cha banda, na banda katika Kiswahili cha kawaida ni mahali pa kuwekea mbuzi, kuku, kuni au bidhaa. Vyombo vya habari vya Kenya vimeizoea istilahi mtaa wa mabanda, na pengine hakuna anayeitamka kwa dharau. Lakini anayeambiwa kila siku kwamba anakaa bandani ameambiwa pia kwamba kinachobomolewa si nyumba.

Reli na barabara

Njia kuu mbili zimeipasua Kibera. Ya kwanza ni reli ya kwenda Kisumu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pia uchochoro, soko na uwanja wa michezo, watu wakipisha treni na kurudi. Mwaka 2004 Shirika la Reli lilitoa ilani kwa waliokaa na kufanya biashara kandokando ya njia hiyo kwamba waondoke, na katika mwaka huohuo, mwezi wa Februari, kijiji cha Raila kilibomolewa ili kupisha barabara ya mchepuko. Malalamiko yalikuwa makubwa ndani na nje ya nchi, na serikali ikasitisha ubomoaji uliokuwa umepangwa kuendelea.

Yaliyofuata katika suala la reli ni mfano wa nadra wa sera iliyojifunza. Maafisa wa reli pamoja na wawakilishi wa wakaaji walisafiri hadi Mumbai, India, ambako maelfu ya familia zilizokaa kando ya reli zilikuwa zimehamishwa kwa kuhesabiwa kwanza, na kuhesabiwa kwa ushirikiano wa wenyewe. Ilani nyingine ya siku 30 ilitolewa Machi 2010 na kuzua hofu upya. Lakini hatimaye, kwa mradi uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wa kando ya reli katika Kibera na Mukuru waliandikishwa, ukuta ukajengwa kutenganisha njia na makao, na vyumba vikajengwa palepale, mita chache kutoka walipokuwa. Ni vyumba vidogo. Vina ila nyingi. Lakini mama aliyekuwa akiuza samaki Laini Saba aliendelea kuuza samaki Laini Saba.

Barabara ya mwaka 2018 ilikwenda kinyume. Tarehe 23 Julai mwaka huo, alfajiri, matingatinga yalianza kusafisha njia ya barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Barabara ya Lang'ata. Maelfu ya watu walipoteza nyumba kwa siku hiyo na zilizofuata, na shule zilikuwa miongoni mwa majengo yaliyoangushwa, watoto wakiwa bado katika muhula. La kusikitisha zaidi ni kwamba siku chache tu kabla ya hapo Mamlaka ya Barabara za Mijini, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na Tume ya Taifa ya Ardhi zilikuwa zimekubaliana kuwahesabu wakaaji na kuandaa mpango wa kuwahamisha. Sera ilikuwapo, tena mpya na yenye sahihi. Iliyokosekana ni subira.

Anayehesabiwa na asiyehesabiwa

Katika kila uhamisho swali la kwanza ni nani anaandikwa. Programu ya Kuboresha Makazi Duni nchini Kenya, ijulikanayo kama KENSUP, iliasisiwa kwa makubaliano kati ya serikali na UN-Habitat, shirika ambalo makao yake makuu yako Gigiri, katika jiji hilohilo la Nairobi. Soweto Mashariki ilichaguliwa kuwa ya majaribio. Septemba 2009 familia za kwanza zilihamishiwa katika nyumba 600 zilizojengwa Lang'ata, familia mbili au tatu zikigawana nyumba moja yenye vyumba vitatu. Nyumba hizo zilikuwa za mawe, zenye maji na umeme. Lakini katika maandishi ya mradi ziliitwa makao ya mpito. Watu waliotolewa kwenye umuda wa mabati walipelekwa kwenye umuda wa mawe wangoje kurudi. Baadhi ya wenye nyumba, na Wanubi waliodai ardhi, walikwenda mahakamani, ujenzi ukakwama, na nyumba 822 za Soweto Mashariki zilikabidhiwa Julai 2016. Kufikia hapo baadhi ya waliohamishwa walikuwa wamekwisha kukodisha vyumba vyao kwa watu wenye kipato kikubwa zaidi na kurudi mabondeni.

Wapo waliolitaja jambo hilo kuwa ukosefu wa shukrani. Lawama hiyo haina uzito. Chumba cha Lang'ata kilidai nauli, bili ya maji na bili ya umeme kila mwezi. Kazi ya kibarua hulipwa kwa siku, na siku nyingine hailipwi. Aliyekikodisha alifanya hesabu ambayo mpangaji yeyote mwenye akili angeifanya.

Hesabu zenyewe zina historia yake. Kwa miaka mingi ilisemwa katika ripoti na magazeti ya dunia nzima kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipata watu 170,070. Idadi hiyo nayo ilibishaniwa, lakini tofauti kubwa hivyo inaonyesha kwamba watu wa Kibera walikuwa wakikadiriwa kwa jumla kama msongamano, bila kuhesabiwa mmojammoja kama wakaaji. Fidia, kwa upande wake, haiwezi kulipwa kwa makadirio. Inamhitaji mtu mwenye jina mlangoni. Katika miradi mingi jina hilo limekuwa la mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi Buruburu au Ngong, na mpangaji aliyekaa chumbani humo miaka 20 amepewa nauli, au hakupewa kitu.

Ilani itangazwe kwa lugha ipi

Nchi nyingine zimekumbana na suala la jamii zinazokaa kando ya barabara. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1968 ilizibebesha serikali za mitaa wajibu wa kutenga viwanja vya misafara ya jamii zinazohamahama, na wajibu huo ukaondolewa mwaka 1994. Ufaransa iliweka wajibu kama huo kwa miji yenye watu zaidi ya 5,000, na kuutilia mkazo mwaka 2000. Huko watu wanaohama waliombewa mahali pa kutua. Nairobi watu waliotua wamekuwa wakilazimika kuthibitisha kwamba hawahami.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ilirekebishwa ili kuweka utaratibu wa kuwaondoa watu, pamoja na ilani ya miezi mitatu. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wakaaji wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambao nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011. Mahakama ilieleza kwamba watu wasio na ardhi wanaokaa katika ardhi ya umma na kuweka makao humo hawapati hatimiliki kwa kukaa huko, ila wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Kwa mara ya kwanza kukaa kwenyewe kukawa na uzito mbele ya sheria. Hoja hiyo ilijengwa juu ya ardhi ya umma, hivyo inamfaa mtu wa Gatwekera kuliko mtu wa Gatina, Kawangware. Na hata katika ardhi ya umma haijazuia yote: mafuriko ya mwaka 2024 yalipofuatwa na amri ya kuondoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito, wakaaji wa Mathare na Mukuru waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia, na matingatinga yakafika kabla ya miezi mitatu.

Marekebisho yale ya mwaka 2016 yana sharti moja linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Uamuzi wa kuwaondoa watu katika ardhi ya umma sharti wajulishwe kwa maandishi, katika Gazeti la Serikali, katika gazeti linalosomwa nchi nzima, na kwa tangazo la redio katika lugha ya mahali pale inapofaa. Katika Kibera na Kawangware, ambako jirani wa mlango wa kushoto na wa kulia hawana lugha moja ya mama, lugha ya mahali ni Kiswahili. Kwa hiyo kuna mtu, ofisini mahali fulani, mwenye kazi ya kuigeuza ilani ya Kiingereza iwe ya Kiswahili. Anapofikia ile ardhi iliyotengwa pembezoni mwa barabara, neno alilolizoea ni hifadhi ya barabara. Hifadhi ni neno lilelile analolitumia mkimbizi anapobisha hodi usiku kuomba mahali pa kujisitiri, na mama wa Kambi Muru anayelisikia redioni saa moja jioni analijua kwa maana hiyo kwanza.